Mgombea Aliyesinzia

Ipo Jumamosi moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka nacheka kwanza, kisha naona haya. Siku hizi cheko linatangulia kwa mbali, maana nimezeeka na haya zangu zimezeeka pamoja nami. Lakini haijapata kutokea nikaikumbuka nikabaki na cheko peke yake. Kaa hapo nikusimulie. Najua utanijibu kwa Kiingereza. Jibu tu, mradi masikio uyafungue kwa Kiswahili.

Nimekusikia juzi mezani ukiwachambua wanaoomba kura mmoja mmoja: huyu mwongo, yule mjinga, yule hata suti haimkai. Sikukukataza, na wala sitakukataza leo. Mimi nilikuwa hivyo hivyo, tena nilikuzidi. Nilipokuwa na miaka ishirini na sita nilikuwa na maoni juu ya kila kiumbe aliyewahi kuomba kura, na maoni yangu yalikuwa na sauti kubwa.

Hiyo ilikuwa miaka ya tisini. Nilikaa St. James Town, mtaa wa maghorofa nchini Kanada, ghorofa ya kumi na nne, mimi na rafiki yangu Selemani wa Tanga. Sote wawili tulifanya kazi katika kiwanda kimoja kule Etobicoke, tukifunga vifuniko vya ndoo za plastiki. Kazi ile haikuhitaji akili, kwa hiyo akili yote tuliiweka kwenye siasa. Siasa za nyumbani zilikuwa mbali. Gazeti lilitufikia likiwa limezeeka wiki tatu. Siasa za Kanada hatukuwa na haki ya kuzipigia kura. Zikabaki siasa za jumuiya yetu.

Na jumuiya yetu, mwanangu, ilikuwa na rais. Si mwenyekiti. Katiba iliandikwa na mzee mmoja wa Shinyanga, Mzee Masunga, na yeye aliona kuwa mwenyekiti ni cheo cha chama cha ushirika cha pamba, hakifai kuvuka bahari. Tulikuwa Watanzania, Wakenya, Warundi na Wakongo, watu wa kujaza mabasi mawili hivi, na tulikuwa na rais, makamu wa rais, na waziri wa chakula. Kila aliyewahi kushika kipaza sauti kwenye harusi alijiona anafaa urais. Ndipo Mzee Masunga akaingiza katika katiba kura za mchujo: wagombea wote washindane kwanza, wabaki wawili tu, na hao wawili ndio waende uchaguzi mkuu. Alituambia kuwa mataifa makubwa ndivyo yanavyofanya. Sababu yenyewe hasa ni kwamba ukumbi wa chini ya kanisa kule Weston tulipewa mpaka saa kumi na mbili jioni, na mwaka uliotangulia wagombea saba walihutubia mpaka mlinzi akatuzimia taa.

Mwaka ninaokusimulia wagombea walikuwa watatu, na maoni yangu juu yao yalikuwa haya.

Wa kwanza alikuwa Mhandisi Kisanga. Shahada yake aliitaja kabla ya salamu. Ukimkaribisha chai atakuambia, kwa mtazamo wa kitaalamu, sukari imezidi. Hotuba zake zilikuwa na sehemu ya kwanza, ya pili na ya tatu, na sehemu ya pili nayo ilikuwa na sehemu zake. Sikumpenda sana. Lakini aliniahidi ukatibu, na mtu aliyekuahidi cheo hana kasoro kubwa.

Wa pili alikuwa Wafula, Mkenya wa Bungoma, kijana mtanashati, koti la ngozi, meno yote nje. Huyu ahadi alizigawa kama njugu. Timu ya mpira, ukumbi wetu wenyewe, na mbuzi wa kuchoma kila mwezi, katika nchi ambayo ukiwasha jiko kwenye baraza ya ghorofa watu wa zimamoto wanakuja na gari zima. Nilimwuliza mbuzi atamchomea wapi. Akaniambia, “Msee, wewe niachie hiyo maneno.” Maoni yangu yalikuwa kwamba Wafula ni mwongo mwenye roho nzuri, na kwamba watu wangempa kura kwa ajili ya yule mbuzi.

Wa tatu alikuwa mwanamke, Mama Furaha, Mkongo wa Uvira, mjane mwenye watoto watatu. Yeye alikuwa na ahadi moja tu. Siku alipoingia Kanada alikaa uwanja wa ndege tangu asubuhi hadi jioni, watoto wamelala juu ya mabegi, mkononi ana karatasi yenye namba ya simu isiyopokelewa, na Kiingereza hana hata cha kuomba maji. Alitaka kila mgeni wetu anayeshuka kwenye ndege akute mtu mmoja amesimama pale, amwambie karibu kwa lugha anayoielewa. Basi. Hakutaka timu ya mpira wala mbuzi. Alitaka urais ili awapange watu kwa zamu, maana bila cheo kila aliyemwomba alimwambia ana shughuli.

Ukiniuliza leo nitakuambia ile ndiyo ilikuwa ahadi pekee yenye maana mwaka ule. Lakini wakati ule sikuisikia, kwa sababu nilikuwa nimeshapata jambo la kuchekesha. Mama Furaha alikuwa akisinzia. Hakukosa mkutano hata mmoja, na hakumaliza hata mmoja akiwa macho. Anakaa safu ya tatu karibu na kipasha joto, mkoba mapajani, na ajenda ya pili ikianza kidevu kinashuka taratibu mpaka kifuani. Kuna siku alilala katika sala ya kufungua mkutano na akaamka katika sala ya kufunga, akasema amina kwa zote mbili.

Nikamtungia jina. Nikamwita Mheshimiwa Blanketi.

Mwanangu, jina baya lina miguu kuliko habari njema. Nilimwambia Selemani Jumatatu, tukiwa kwenye ndoo zetu. Selemani akampigia simu binamu yake. Kufika Jumapili mwimbaji mmoja wa kwaya, mtu nisiyemjua kabisa, akaniuliza, “Eti na Blanketi naye anagombea?” Nilijisikia mtu mkubwa. Nilidhani nimesema ukweli ambao wengine waliogopa kuusema. Sikujua kwamba watu wakishamcheka mgombea, hata wale waliomkubali wanaona haya kumpigia kura.

Sasa hiyo Jumamosi. Kesho yake ilikuwa siku ya mchujo. Mimi na Selemani tulishuka na makapu yetu chumba cha kufulia, chini kabisa ya jengo. Mle ndani alikuwamo bibi mmoja wa Kihindi, mwembamba, amejifunga mtandio, amekaa kwenye kiti cha plastiki akisubiri nguo zake zikauke, tasbihi mkononi. Tulizoea kumwona. Tulimsalimia kwa Kiingereza chetu cha kiwandani, naye akatikisa kichwa, tukaendelea na mazungumzo yetu.

Hapa nitakuambia ugonjwa wetu, sisi watu wa ugenini. Ukikaa nchi ya watu unaanza kuona Kiswahili ni chumba chako chenye kufuli. Tuliwasema watu kwenye lifti wakiwa wamesimama katikati yetu. Tuliwasema kwenye treni ya chini ya ardhi, kwenye foleni ya benki, kwa daktari. Selemani aliwahi kuijadili pua ya mtu mmoja kutoka kituo cha kwanza mpaka cha mwisho, mwenye pua akiwa ameketi mbele yetu anasoma gazeti lake. Hakuna kilichotupata, tukajiona werevu.

Basi siku hiyo Selemani akaniuliza kesho nitampa nani kura. Alijua jibu, alitaka tu kuniwasha. Nikawaka. Nikamwigiza Mhandisi na sehemu zake za pili. Nikamwigiza Wafula akimtafuta mbuzi kwenye theluji. Halafu, mwanangu, nikatoa shuka langu kwenye mashine ya kukaushia, lina joto zuri, nikajifunika mpaka kidevuni, nikaketi juu ya mashine, nikashusha kichwa na kukoroma. Nilikoroma kwa vituo, kama mtu anayehutubia. Kila baada ya mkoromo nasema, “Wananchi...” na kukoroma tena. Selemani alicheka mpaka akakalia kapu la nguo, likavunjika.

Nami sikutosheka. Nikamwelekeza kidole yule bibi, nikasema, “Hata huyu bibi hapa, asiyejua tunasema nini, angetufaa zaidi. Angalau yeye yuko macho!”

Bibi akamaliza punje zake za tasbihi bila haraka. Akainuka, akafungua mashine yake, akachungulia na ya kwangu.

“Kijana,” akasema, kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu, “soksi yako moja imebaki humu ndani. Na huyo unayemwigiza hakoromi. Hulala kimya.”

Selemani alikuwa bado ndani ya kapu. Mimi nilikuwa nimevaa shuka.

“Shikamoo bibi,” nikasema. Ndilo neno pekee lililokuja.

“Marahaba. Imechelewa, lakini marahaba.”

Akatuambia kuwa anaitwa Rehmat, amezaliwa Iringa, na baba yake alikuwa na duka la vitambaa sokoni. “Nimepima kaniki na kanga kabla baba yako hajavaa suruali ndefu,” akasema. “Miezi minne nawasikia humu ndani. Nilinyamaza kwa sababu mlikuwa mnanichangamsha. Mzee wangu hawezi tena kuzungumza, na nyumba isiyo na maneno ni nzito. Yule mhandisi unamwigiza vizuri sana. Lakini leo umefika kwa mtu wa nyumbani kwangu.”

Nikauliza kwa sauti ndogo, mtu wa nyumbani kwake vipi.

“Mume wangu amepooza, mwaka wa pili huu. Huyo Blanketi wako ndiye anayekuja kumwuguza usiku, siku sita katika wiki. Kila baada ya saa mbili anamgeuza ubavu asifanye vidonda. Anambadilisha, anamfuta uso, anamwimbia nyimbo za kwao huko Uvira ambazo mzee wangu hazijui, lakini anatulia. Asubuhi anakimbia kuwapeleka watoto wake shule. Ninyi mnakutana Jumapili mchana, wakati mwili wake unajua kuwa ni usiku wa manane. Na bado anakuja. Angeweza kulala kwake kwenye kitanda kizuri, anakuja kulala kwenye kiti chenu kibovu kwa sababu ana jambo anataka kuwaambia. Je, ulimwuliza hata siku moja kwa nini anasinzia?”

“Hapana, bibi.”

“Ulimwuliza nani?”

“Sikumwuliza mtu.”

“Ila uliwaambia wote.”

Nilitaka kujitetea. Lakini ni vigumu kujitetea ukiwa umevaa shuka. Nikaanza kumwomba radhi, akanizuia kwa kiganja. “Mimi hukunikosea. Ulisema niko macho, na ni kweli niko macho. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, kijana. Dole utalifunga kitambaa, ulimi utaufunga nini? Jina ulilitoa mbele za watu, kalifute mbele za watu. Kesho. Kabla ya kura, siyo baada yake. Sasa shika ncha ya shuka langu hapa, tukunje.”

Nikakunja naye mashuka yake yote manne, ncha kwa ncha. Nilipogeuka kumtafuta Selemani anisaidie, alikuwa ameshaondoka na lifti, yeye na vipande vya kapu. Marafiki wa kucheka ni wengi, mwanangu. Wa kukunja mashuka utawahesabu.

Kesho yake nikavaa suti na kushika njia ya kwenda Weston, treni kisha basi, nikijisemesha maneno yangu njia nzima mpaka mama mmoja akahama kiti. Ukumbini nikaenda moja kwa moja safu ya tatu, nikaketi jirani na Mama Furaha. Nilikusudia nikimaliza kusema niwe karibu naye, nimpe mkono.

“Jambo papa,” akanisalimia kwa uchangamfu. “Uko muzuri?”

Lile neno papa, ambalo Wakongo humwita nalo kila kijana kwa heshima, likanichoma. Nikasema niko mzuri, na sikuwa mzuri.

Mhandisi akahutubia nusu saa kwa mtazamo wa kitaalamu. Wafula akahutubia dakika ishirini, na mbuzi akawa sasa ni mbuzi wawili. Mama Furaha akasimama, akasema dakika tatu. Alieleza ile siku ya uwanja wa ndege, akaomba watu kumi tu wa kupokezana zamu, akasema asante, akaketi. Dakika haikupita kidevu kikaanza safari yake.

Desturi yetu ilikuwa kwamba kabla ya kura, mpiga kura yeyote ana ruhusa kutoa maoni yake. Mzee Masunga akauliza nani ana maoni. Nikasimama. Watu wakaanza kutabasamu kabla sijafungua mdomo, maana walinijua kwa vichekesho, na Mhandisi akaweka tai yake sawa, akidhani katibu wake anakuja kumsifu.

Nikasema, “Jina la Blanketi nimelitunga mimi.”

Ukumbi ukaangua kicheko. Wengine wakanipigia makofi. Nikasema sitanii. Wakacheka zaidi. Nikasema nimekosa, nilimsema mtu bila kumjua. Mtu wa nyuma akapaza sauti, “Endelea, Blanketi akisikia ataamka!” Kila nilivyotubu wao walicheka, na kosa halikuwa lao, mimi ndiye niliyewafundisha kucheka nikisema. Mwishowe nikaacha hotuba niliyoiandaa, nikaeleza tu kama Bi Rehmat alivyonieleza: mgonjwa anageuzwa mara ngapi kwa usiku, watoto wanapelekwa shule saa ngapi, na huyu mama analala saa ngapi. Kicheko kikapungua, kikakatika. Mama mmoja wa Kirundi akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Nikasema, “Mama Furaha, mbele ya watu hawa wote, naomba unisamehe.”

Nikageuka nimtazame. Ukumbi wote ukageuka.

Alikuwa amelala. Kimya kabisa, kama bibi alivyosema. Msamaha mkubwa kuliko yote niliyowahi kuomba maishani, naye hakusikia hata neno.

Nikaketi. Mhandisi alinitupia jicho moja, nikajua ukatibu umekwenda na maji. Mzee Masunga akagawa vikaratasi, kisha akapita safu hadi safu na boksi la viatu vya theluji lililotobolewa juu. Alipofika kwetu nikatumbukiza changu, nimemwandika Mama Furaha kwa herufi kubwa. Mzee akanionyesha kwa kidevu yule mama aliyelala, kama anayeuliza, na huyu je?

Nami, mwanangu, nikaweka kidole mdomoni. Nikamnong'oneza mzee, mwache apumzike, amechoka. Nikavua koti langu la suti, nikamfunika kwa upole mpaka mabegani. Mzee akasonga mbele na boksi lake. Nilijisikia vizuri ajabu. Nilijiona nimekuwa mtu mpya, mwenye huruma, na nikatazama huku na huku nione kama watu wameniona.

Zikahesabiwa. Mzee akasoma: Mhandisi Kisanga, kura thelathini na moja. Wafula, ishirini na nne. Mama Furaha, ishirini na tatu. Makofi ya watu wa Wafula ndiyo yaliyomwamsha.

Akajifuta uso, akauliza matokeo, mzee akamsomea tena. Nikaona midomo yake ikihesabu.

“Na yangu?” akauliza.

Mzee Masunga akakohoa. Akasema karatasi yake haikuingia, kwa kuwa alikuwa amelala, na katiba yasema boksi likishafunguliwa haliongezwi kitu. Angepiga, angelingana na Wafula, na kura za hao wawili zingerudiwa pale pale. Watu walianza kuzisoma kucha zao.

Mama Furaha akalitazama lile koti lililomfunika. Akanitazama mimi niliyebaki na shati.

“Papa, wewe ulikuwa hapa karibu. Juu ya nini haukuniamusha?”

“Nilikuonea huruma, mama.”

“Huruma.” Akalikunja koti taratibu, akaniwekea mapajani. Hakupandisha sauti. “Ile jina la Blanketi, watoto yangu waliileta nyumbani kutoka masomo ya Jumapili. Furaha aliniuliza, mama, Blanketi ni wewe? Nilijua ni wewe uliitunga, watu waliniambia. Nikasema bon, sawa, ni kijana, ataacha. Sasa ona. Mara ya kwanza ulinicheka juu ninalala. Mara ya pili uliniacha nilale. Mara zote mbili haukuniuliza mimi.”

Nilikuwa nimekaa pale kama mtu aliyekuja kurudisha alichoiba akaondoka na kingine. Kura moja tu, mwanangu! Alihitaji aguswe bega na mtu mmoja, na aliyekuwa karibu naye kuliko wote nilikuwa mimi niliyejaa huruma.

Alinyanyua mkoba wake. Nilidhani anaondoka kwa hasira. Akasimama mbele yangu akauliza, “Jumamosi inakuja familia moja ya Bujumbura, watu sita. Ndege inafika saa tisa. Unajua kuendesha gari?”

“Sijui, mama.”

“Basi utabeba mizigo.”

Nilibeba. Nilibeba Jumamosi ile na nyingine nyingi baada yake, miaka mitatu, mpaka mgongo ukanijua. Tulikuwa watu wanne, si kumi, bila cheo na bila zamu iliyoandikwa, na wageni wengine walifika tusiwe na wa kumtuma, wakakaa pale kwenye viti siku nzima kama alivyokaa yeye. Hao ndio huwa wananirudia moyoni. Katika uchaguzi mkuu Wafula alimshinda Mhandisi, na mbuzi hatukumwona hata mkia.

Sasa sikia ninalotaka ulishike. Mpiga kura hana budi kuwa na maoni, na mwenye kuomba kura hana budi kuyavumilia. Siku ukija kwangu huna maoni nitakupima homa. Mchambue mtu kwa anayoyasema na anayoyatenda, mchambue bila kumwonea. Lakini likija la kuchekesha, lile tamu, la nywele zake, la suti yake, la usingizi wake, simama kwanza ujiulize: nimemwuliza mwenyewe? Kama hukumwuliza, basi hayo si maoni, ni njaa yako tu ya kuchekesha watu. Ulimi hauna mfupa, na watu hawachagui kusahau kama wanavyochagua kucheka.

Na la pili, hili wengi huwa hawaambiwi. Ukimkosea mtu, usikimbilie kumhurumia. Huruma ni rahisi, na mara nyingi inamfurahisha zaidi anayeitoa. Mtu uliyemdharau hahitaji koti lako. Mguse bega, mwamshe, umpe karatasi yake aandike mwenyewe, hata kama atakuamkia kwa hasira, hata kama ataandika jina la mwingine.

Haya, nenda, chai yako imepoa. Mola akupe maneno makali pale yanapostahili na akunyime yasiyostahili. Akukinge na rafiki wa kukuchekea tu. Na siku utakayochoka, ukasinzia ilhali haki yako inapitishwa safu hadi safu, akuketishie jirani mtu asiyeona haya kukuamsha.